Dharau za Kihispania

Jumatatu, 8 Juni 1953

Siku njema kuliko zote mwaka huu. Leo nimesema uongo mdogo na ukweli mkubwa kwa pumzi moja, na Bwana Henshaw ameamini vyote viwili.

Mambo yalivyokwenda. Bwana Henshaw, mwenye mgodi wetu, amechoka na Geita. Anataka kuuza mgodi arudi kwao akapande maua kwa dada yake. Mnunuzi amefika kwa lori kutoka Mwanza: Mhispania, Bwana Olmedo, mtu mfupi, nyusi kama brashi za viatu. Kiingereza hajui. Kiswahili hajui. Bwana Henshaw akasimama mlangoni mwa ofisi akauliza nani kati yetu anajua Kihispania, kwa sauti ya mtu asiyetarajia jibu. Nikasimama mimi.

Ukweli: ninacho kitabu cha kujifunzia Kihispania. Nilipokuwa shuleni Tabora niliagiza kwa posta kitabu cha utunzaji wa hesabu, wakakosea. Kukirudisha ilikuwa taabu kuliko kukisoma, basi nikakisoma. Uongo: nilisema nimekisoma chote.

Donatus, mpiga chapa, ambaye meza yake inatazamana na yangu na moyo wake unamtazama mchumba wangu, alicheka mpaka karatasi ikakwama kwenye mashine. Akauliza mbele ya watu tangu lini Msukuma wa Tinde akajua Kihispania, na Kiswahili chenyewe bado kinamkwaruza koo. Nilimtazama tu, kwa Kihispania.

Ahadi ya Bwana Henshaw: mgodi ukiuzwa, atanipendekeza kwa mwenye mgodi mpya niwe karani mkuu. Na karani mkuu hukaa katika nyumba ya bati kule mlimani. Nyumba ya bati! Mzee Makoye alikwisha kusema kwamba binti yake Salvina hataolewa kwenye nyumba ya nyasi; hakumsomesha kwa masista wa Ushirombo ili aje kulala akisikiliza nyoka darini. Jumamosi wazee wa Salvina wanakuja kukagua ng'ombe wangu wa mahari. Nikipata nyumba na ng'ombe wakipita, nimefika.

Mgodi usipouzwa, unafungwa. Hapo hakuna ukarani, hakuna bati, hakuna Salvina. Nimeliandika hili nisije nikalisahau.

Jumanne, 9 Juni

Tumezunguka mgodi mzima. Bwana Olmedo hapendi kitu.

Winchi ya kushushia watu shimoni: akaiita kwa neno moja la dharau. Kinu cha kusagia mawe: neno jingine. Pampu ya maji: neno la tatu, refu, akilitamka huku amefumba macho. Chai ya Bwana Henshaw: neno la nne. Sikujua kama lugha moja inaweza kuwa na namna nyingi hivi za kusema kitu si kitu. Sisi kwetu tunabandika tu ka mbele ya jina, kazi imekwisha: kamgodi, kawinchi, kajichai. Wahispania wamejenga ngazi nzima, na kila kidharauliwa kina kipago chake.

Kwa hofu nikatafsiri yote kwa neno moja la Kiingereza, 'bad'. Winchi mbaya, kinu kibaya, pampu mbaya, chai mbaya. Bwana Henshaw akavua miwani. Akasema yeye si mtoto. Amesikia maneno manne tofauti na anataka manne tofauti. Kama mtu anaidharau mali yake, anayo haki ya kujua anaidharau kiasi gani. Kila jioni nimletee maandishi, kila dharau kwa uzito wake.

Nikarudi chumbani nikafungua kamusi iliyo mwisho wa kitabu. Mchwa! Wakati wa masika wamekula nusu yake. Walianzia nyuma wakaja mbele, kwa utaratibu ambao ningeusifu kama usingekuwa wizi. Maneno yaliyobaki nimeyakamata. 'Insignificante' ilijitafsiri yenyewe. Hiyo ni ya chai. 'Mezquino', kitu kidogo chenye roho ndogo, nikakipa 'paltry', neno ambalo mwalimu wetu wa Tabora alilipenda akisahihisha insha zangu. 'Irrisorio', kitu kidogo hata kinachekesha, nimekipa 'measly'. Neno la winchi liko tumboni mwa mchwa.

Donatus amepita dirishani akauliza kama Mhispania amekwisha kununua au bado anatapika.

Jumatano, 10 Juni

Nimevumbua njia ya kuwashinda mchwa. Nimeiita Mizani ya Mdomo.

Neno likiwa halimo kwenye kamusi, ninautazama uso wa Bwana Olmedo. Akishusha mdomo wa chini tu: 'trifling', jambo dogo la kupuuza. Akipanua na matundu ya pua: 'shabby', kitu kilichochakaa. Akigeuza kichwa kabisa: 'wretched', kitu cha kuhurumiwa. Akitema mate: hakuna Kiingereza kinachomfaa karani, ninaacha nafasi.

Leo alitema mate mara nyingi. Ofisi yetu aliiita 'de mala muerte'. Hilo nililitafsiri neno kwa neno: ofisi ya kifo kibaya. Nilipomsomea Bwana Henshaw, uso ulimgeuka ukawa na rangi ya nyama ya mbuzi. Akasema basi, mtu anayesema hivi hawezi kununua. Kesho atamtafutia lori la kumrudisha. Maua ya dada yake yalikuwa yakinyauka mbele ya macho yangu, na bati langu likipata kutu.

Hapo ndipo nilipokumbuka mnada wa Tinde!

Baba yangu ameuza ng'ombe maisha yake yote, nami nimekua nimeshika mkia. Anayekuja zizini akasema ng'ombe huyu mzuri, ana manyoya ya kung'aa, ana nundu ya kupendeza, huyo amekuja kupunga upepo. Atasifu na atakwenda zake. Anayekuja akauliza kama hiki ni ng'ombe au mbuzi aliyevimba, akahesabu mbavu kwa sauti, akasema hata fisi wa kwao hawali hiki: huyo ndiye mnunuzi. Usimwache atoke. Nani atapoteza mate yake juu ya kitu asichokitaka?

Nikamweleza Bwana Henshaw yote haya. Mwishowe akauliza ikiwa nina hakika. Nikasema: Bwana, kwa jinsi anavyoudharau mgodi huu, anaupenda kuliko mke wake. Akanywa kitu cha kumtia nguvu, akaandika bei mpya, kubwa kuliko ya kwanza.

Nimelala nikisikia mvua juu ya bati, ingawa ni kiangazi na niko chini ya nyasi.

Alhamisi, 11 Juni

Balaa.

Bwana Olmedo aliisoma bei mpya bila mkalimani. Akaikunja karatasi. Akaniambia polepole, ili nisipoteze hata neno, kwamba mgodi huu ni kitu duni, cha chini, kisicho na maana, kisichofaa hata kuchekwa. Na kwamba lori likifika Jumamosi anaondoka. Hakushusha mdomo. Hakutema mate. Mizani yangu haikuwa na mahali pa kumweka.

Bwana Henshaw amejifungia nyumbani kwake. Vibarua wananiangalia kama mtu aliyefukua msingi wa nyumba zao. Mzee mmoja wa kwenye winchi aliniuliza kwa upole kama ni kweli nimepandisha bei ya mgodi kwa sababu ya ng'ombe. Nikasema ni jambo refu. Akasema ana nafasi.

Donatus, kwa huruma kubwa, amekuja kupima meza yangu kwa mkono kuona kama inafaa mashine yake.

Nimekaa nikatafakari. Mtu aliyesoma lazima avune somo katika kosa. Somo ni hili, nalipigia mstari: Anayedharau, anadharau. Mambo ya mnada ni mambo ya washamba.

Ijumaa, 12 Juni

Kaka yangu Mabula amefika na ng'ombe kutoka Tinde, kwa miguu. Vumbi limemfanya mweupe kuliko Bwana Henshaw. Nikampa shikamoo, akasema marahaba, akakaa chini, akavua viatu vya tairi, akauliza iko wapi hiyo nyumba ya bati ambayo barua zangu zimejaa ndoto zake. Nikamwonyesha kwa mbali. Akasema ni kweli inang'aa. Sikumwambia zaidi.

Ng'ombe ni wazuri. Mmoja mwenye mabaka, ndiye fahari ya baba. Nimewasugua wote kwa magunzi.

Mpango: kesho wazee wakiwapenda ng'ombe, nitaomba muda kuhusu nyumba. Mtu aliyekwisha kupenda ng'ombe hawezi kukataa bati litakalokuja baadaye.

Jumamosi, 13 Juni

Sijui nianzie wapi. Nianzie asubuhi.

Wazee walifika zizini nilikowafungia ng'ombe, na Salvina nyuma yao. Mzee Makoye, na mdogo wake Mageni, ambaye ndiye msemaji wa ukoo. 'Mwangaluka', 'mwangaluka', tukasalimiana vizuri kwa Kisukuma, Mageni akasema tuone hao ng'ombe.

Ng'ombe wa kwanza: Mageni akauliza kama ni ng'ombe au ni ngozi iliyosahaulika kwenye kamba. Wa pili: akamwinama miguuni akasema anatafuta kwato, ameambiwa ng'ombe huwa nazo. Wa tatu ndiye yule mwenye mabaka. Mageni akamzunguka. Akasema Salvina ni binti aliyesoma, wao walitegemea mahari, si ugonjwa wa kuambukiza. Kisha akageuka, akashusha mdomo, akapanua matundu ya pua, akatema mate.

Mdomo, pua, mate! Juzi ningecheka. Lakini nilikuwa nimekwisha kujifunza. Anayedharau, anadharau. Sikutaka kungoja anisomee bei na kuikunja kama yule mwingine. Nikasimama, nikainama kwa heshima, nikasema: wazee wangu, nisameheni sana kwa kuwapotezea asubuhi. Ninyi hamwataki, sitawalazimisha. Nikafungua zizi, nikaanza kuwatoa ng'ombe.

Mageni alibaki na kidole juu, neno likiwa bado mdomoni. Watu wanasema alikuwa hajafika hata katikati. Amekuwa akizitayarisha dharau hizo tangu mavuno. Mzee Makoye akaniuliza mimi ni mtu wa nchi gani. Nikamwambia kaka Mabula ashike fimbo awarudishe ng'ombe Tinde. Akasema yaya, hapana, ng'ombe waende wenyewe, njia wanaijua, yeye miguu yake ni ya kuja tu.

Salvina akanifuata mpaka barabarani. Akauliza kama nilizaliwa Tinde au nilidondoshwa na ndege. Akasema baba mdogo Mageni hajawahi kukatizwa katika hotuba tangu azaliwe, na sasa amejifunika blanketi mchana kweupe. Nikamwambia mimi si mtu wa kulazimisha. Akasema kweli, mimi si mtu. Akarudi.

Nimefanya lililo sawa. Najisikia vibaya sana.

Donatus amekuja kunipa pole. Akauliza ng'ombe wale hugharimu kiasi gani kuwalisha, na kama Salvina anapenda soda.

Jumapili, 14 Juni

Mungu ni mkubwa, na Wahispania ni watu wa ajabu.

Baada ya Misa niliitwa mbio kwa Bwana Henshaw. Nikadhani ni kufukuzwa. Nikamkuta barazani na Bwana Olmedo, wanacheka, chai mezani. Kilichotokea: jana lori lilifika. Bwana Olmedo akapakia sanduku, akapanda, akasimama juu ya lori akautukana mgodi kitu kimoja kimoja kwa jina lake, winchi, kinu, pampu, mpaka choo. Akamwambia dereva atie moto. Wakaenda mpaka kwenye kizuizi cha getini. Hapo akagonga paa la lori, akashuka, akarudi kwa miguu na bei yake mkononi. Ilikuwa katikati ya ya kwanza na ya pili. Bwana Henshaw akashikana naye mkono kabla hajabadili nia. Mgodi umeuzwa!

Nikaitwa nitafsiri maelezo. Bwana Olmedo anasema baba yake kule kwao alikuwa mchuuzi wa nyumbu. Kwao, anayenunua nyumbu bila kumtukana huonekana ni mgonjwa, au nyumbu mwenyewe ana kasoro. Anasema aliupenda mgodi tangu chai ya kwanza. Hata ile chai, akaiomba tena. Akaiita kwa neno lile lile.

Bwana Henshaw alinishika bega akasema mimi na ng'ombe wangu tumempatia bustani kubwa zaidi. Ukarani mkuu ni wangu. Ufunguo wa nyumba ya bati uko mfukoni mwangu sasa hivi, ninaugusa kwa mkono wa kushoto huku naandika kwa wa kulia. Pumzi niliyoishusha leo ingeweza kuzungusha kinu.

Kisha nikakumbuka. Mageni! Ng'ombe! Yule mwenye mabaka kutemewa mate, ile ilikuwa heshima!

Nikakimbia mpaka kwa Mzee Makoye. Nikapiga magoti mlangoni, shikamoo baba. Hakuitikia upesi. Alisema keshokutwa ukoo utakaa juu yangu.

Jumanne, 16 Juni

Ukoo umekaa. Hukumu imetolewa: faini mbuzi mmoja, na ng'ombe warudi zizini, na Mageni aanze upya tangu ng'ombe wa kwanza, nami nisimame nisikilize mpaka mwisho bila kukohoa.

Kaka Mabula amesema hii ndiyo hukumu ya haki kuliko zote alizowahi kusikia, maana haimtaki atembee.

Nikasimama. Lakini Mageni hakuwa Mageni. Alisema ngozi kwenye kamba, alisema kwato, lakini sauti haikupanda. Dharau iliyokatizwa haichemki mara ya pili. Watu wakaanza kutazamana. Nikaona nitakosa mke kwa sababu mtu hawezi kunitukania ng'ombe vizuri. Nikaomba ruhusa ya kusema neno. Nikasema: baba mdogo, ninazo dharau mpya, zimetoka ng'ambo, hapa Usukuma hakuna aliyewahi kuzitumia.

Akainua kichwa.

Nikamfundisha pale pale, huku nikimtafsiria kila moja kwa Kisukuma. 'Mezquino', ng'ombe wa roho ndogo. 'Irrisorio', ng'ombe wa kuchekesha. Alizijaribu mdomoni kama mtu anayeonja asali ya nyuki wageni. Akamrudia mwenye mabaka, akajivuta, akamwita 'mezquino' kwa sauti iliyofika kisimani, na wanawake wakapiga vigelegele. Akamwita 'irrisorio'. Mzee Makoye akafuta machozi ya kicheko. 'De mala muerte', nilipomweleza kuwa ni wa kifo kibaya, alisema hilo analiweka akiba kwa ng'ombe wa Donatus, siku akipata ng'ombe.

Ng'ombe wote wakaingizwa zizini kwa Mzee Makoye huku wanatukanwa, mmoja baada ya mwingine, mpaka mlango ukafungwa. Wamekubaliwa!

Mageni alinisindikiza akaniambia kwamba nikikimbia tena safari nyingine watanifuata mpaka mlimani, na bibi harusi watambeba mgongoni. Amesema hawawezi kumpoteza mkwe mwenye dharau za ng'ambo.

Usiku mwema. Somo la juzi nimelifuta. Somo jipya nimeliandika kwenye karatasi na kulibandika ukutani mwa nyumba ya bati: Anayedharau ndiye mnunuzi. Sitalisahau maisha yangu yote.

Jumapili, 21 Juni

Yamekwisha. Salvina hanitaki.

Amekuja leo na shangazi yake kuitazama nyumba. Nilikuwa nimefagia, nimepaka chokaa, nimeweka maua kwenye kopo. Ameingia tu akauliza hapa ni nyumba au ni kikapu cha kuku kilichofunikwa sahani. Jiko akasema ni pango la panya mjane. Dirisha akasema linafaa kutolea mkono tu. Kisha akanitazama mimi, akauliza kama miguu hii ndiyo yote, au mingine inakuja kwa posta kwa makosa kama vitabu vyangu.

Nilitumia Mizani ya Mdomo. Mdomo wa chini: umeshuka. Pua: imepanuka. Macho yalikuwa yakicheka, lakini mizani haina mahali pa macho, kwa hiyo sikuyahesabu. Alipima madirisha yote kwa kamba, sijui kwa nini. Aliacha chungu chake jikoni. Nadhani kwa hasira amekisahau. Akaondoka akiimba, pengine kwa kufurahi kuachana nami.

Donatus yeye alipita jioni. Ameisifu nyumba kuanzia mlango hadi paa. Amelisifu kopo la maua, amezisifu suruali zangu, amesema hajapata kuona karani mkuu kama mimi. Nilikuwa nikimdhania vibaya kijana huyu. Ana roho safi, na anasema analolimaanisha.

Kesho alfajiri nitakwenda kwa Mzee Makoye kumwambia kwamba ninamwachia Salvina uhuru wake, bila kinyongo. Donatus amekubali kwa moyo mmoja kunisindikiza.

Ile karatasi ya ukutani nimeitoa. Upande wake wa nyuma ni mweupe. Nimeandika hapo somo jipya: Anayesifu, anasifu.